Zena, Mtoto Anasimama Kwenye Kona

Zena ndugu yangu,

Mpaka leo nikipita mbele ya mlango wako nageuza shingo nikusalimie. Mdomo unafunguka wenyewe: "Mama Shabani, umeamkaje?" Halafu naona cherehani imefunikwa shuka, nabaki pale katikati ya njia, mdomo wazi, watu wa pikipiki wananipigia honi. Siamini. Nakuambia kweli, siamini. Mtu hawezi kunisalimia asubuhi akiwa na pini mdomoni, halafu jioni niambiwe yuko chini ya udongo. Mambo gani hayo? Ata mgeni wa nyumba anaaga.

Nakuandikia leo Jumapili, nimetoka kanisani, nimesukuma vitenge pembeni ya meza ili karatasi ipate nafasi. Unajua shule mimi niliachia darasa la sita kule Uvira. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote, wavulana na wasichana, na mwalimu alikuwa ananituma niandike ubaoni yeye akienda kunywa chai. Kwa hiyo ukiona kosa humu, ujue ni kalamu.

Nina habari moja ya kukupa na ni ya Divine. Baada yako mtoto alisimama kwenye kona. Alikuwa anakimbia vizuri, anaingia kwenye kona, anasimama. Kila mara. Nami nilikuwa nimeshatangaza soko zima kwamba mwanangu ndiye atakayeruka juu kwa niaba ya shule. Lakini ngoja nianze na ile siku, maana usipoisikia hutaelewa tulivyokuwa.

Ile asubuhi nilipita kwako na mfuko wangu mkubwa, nakwenda kuvuka mpaka kuchukua mzigo. Divine alikuwa anazunguka gari bovu la mumeo kama kawaida. Wewe ulikuwa umesimama mahali pako, pale mbele ya pua ya gari, futi ya kupimia shingoni. Nikakuambia, "Mama Shabani, mtoto ataniletea kizunguzungu mimi ninayetazama." Ukanijibu bila kugeuka, "Basi usitazame, nenda ukatuletee uzi mweusi, ule wa juzi unakatika." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Uzi mweusi! Miaka yote ile ya kuongea, mpaka mumeo anatuuliza kama hatuchoki, na unaniachia uzi mweusi.

Simu ya mdogo wako Mwamini ilinikuta dukani Uvira, nimeushika huo uzi mkononi. "Mama Divine, Zena ametutoka." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamuuliza, "Zena gani?" Maana katika kichwa changu Zena niliyemfahamu alikuwa ananingoja na cherehani yake. Mwamini akasema umeinama kwenye meza kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na hukuinuka. Presha, walisema hospitali. Presha! Wewe uliyekuwa unanikemea mimi nisile chumvi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwetu, unajua, mtu akifa tunakaa naye. Anakesha nasi, kwaya inaimba, na wanawake wa karibu wanavaa kitenge kimoja ili kila mtu ajue hawa ndio wake. Akili yangu ikakimbilia huko moja kwa moja. Nikasema, Zena hatazikwa na watu waliovaa ovyo. Nikaanza kuchagua. Nikakataa cha maua, nikakataa chekundu, nikagombana na mwenye duka juu ya bluu moja iliyokuwa inaelekea zambarau. Mwisho nikapata bluu nzito yenye majani madogo meupe, nzuri sana, wewe mwenyewe ungeipitishia mkono. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, vipande vyote hivi, utapata wapi mtu wa kushona leo leo?" Nikamjibu kwa majivuno yangu yote, "Usijali, nina fundi wangu mtaani kwetu Buyenzi, anaitwa Zena, hakuna anayemfikia kwa haraka."

Nilisema hivyo, Zena. Kwa mdomo wangu huu.

Sikusikia nilichosema mpaka nimefika mpakani, nimekaa juu ya mzigo nangoja zamu yangu. Hapo ndipo maneno yaliponiingia. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akaniuliza, "We mama, umeibiwa?"

Nilifika kwako jua limeshuka. Mikeka iko nje, wanaume wamekaa, viatu vyao vina udongo. Nikaingia na robota langu kichwani, nikauliza, "Yuko chumba gani?" Mwamini akanipokea mzigo, akanishika mikono miwili. "Mama Divine, tumeshamsitiri. Alasiri." Nikamwambia, "Mmemsitiri nani? Mbona hamkuningoja?" Kwa sauti, mbele ya mashehe. Zena, mi nimekaa Buyenzi tangu Divine hajaota meno. Nimekula Idi zenu zote, nimekwenda na wewe kwenye matanga ya watu wenu, ninajua kabisa kwamba hamchelewi. Ninajua mnavaa sanda nyeupe na basi, hakuna mtu anayeulizia kitenge. Nilijua, lakini siku ile kichwa hakikuwa changu. Nilisimama na robota la bluu katikati ya nyumba ya Waislamu, na fundi pekee ambaye ningempa ashone ndiye aliyekuwa amezikwa. Hakuna aliyenicheka. Mwamini alinikalisha kwenye mkeka, akanipa maji.

Divine naye alikuta maziko yamekwisha. Alitoka shule akapita njia yake ya kila siku, ile ya kwako, akiwa na viatu vya michezo vinaning'inia shingoni. Asubuhi alikuwa na wewe, jioni hakuna. Hakuona uso, hakuona chochote. Alikaa mlangoni mpaka nilipomwita twende nyumbani. Hakulia. Mimi pia sikulia, nikawa nasema, nasema tu, unanijua, nikiogopa mdomo haufungi.

Unakumbuka ulivyomwona mara ya kwanza? Nilimleta umpimie sketi ya shule. Ukaanza kiunoni, ukashuka, ukashuka, ukasimamisha futi ukaniangalia. "Mama Divine, miguu hii inakwenda wapi?" Nikakuambia, "Hiyo ni yangu. Amechukua kwangu." Ukaniangalia chini, ukaniangalia juu, ukasema, "Yako? Sasa yako umeificha wapi?" Wateja wako wakacheka mpaka mmoja akajichoma na sindano. Lakini mimi sikuacha kusema. Ni yangu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi, kila mtu anajua.

Ndipo ukauliza kama anaruka. Mtoto akasema mwalimu wa michezo amempeleka kwenye kuruka juu, kwenye upau, shuleni kule Kinindo kwenye matela nzuri, godoro la kuangukia. Ukaacha mkasi. Sikuwahi kukuona unaacha mkasi mezani bila kuufunga. Ukasema, "Mimi niliruka. Nilipokuwa shule, kabla ya Baba Shabani." Nikadhani unatania. Wewe, na lile umbo lako la kukaa! Ukamwambia Divine akimbie mbele yako kama anavyokimbia shuleni. Akakimbia pale barabarani, akaruka hewani. Mimi nikapiga makofi. Wewe ukatikisa kichwa. "Kuruka anajua. Kukimbia hajui."

Nilikasirika. Nilikuambia mwanangu anakimbia kuliko watoto wote wa avenyi, mtaa mzima. Ukanieleza polepole, kama unavyomweleza mteja aliyeleta kitambaa kidogo. Kwamba upau haurukwi pale kwenye upau. Unarukwa huku nyuma, kwenye mbio. Unaanza moja kwa moja, halafu unakata kona unaupita upau kwa ubavu, na hiyo kona ndiyo inayokuinua. Ukikata kona ghafla, mwili unaangukia upau. Ukiogopa kona, unafika umelala kama gunia. Ukachukua kipande cha kitambaa na chaki yako ukanichorea. "Tazama, ni kama kwapa la gauni. Hapa unakuja wima, hapa unazungusha. Fundi mbaya anazungusha kwa pembe, mkono unabana. Kona nzuri huioni inapoanzia." Nikaelewa. Sikukuambia, lakini nilielewa.

Halafu ukamwanzishia mambo ya gari. Lile gari bovu la Baba Shabani, lisilo na matairi, lisilo na kitu, lililokuwa linakula njia tangu zamani, watu wanalalamika. Ukasema limepata kazi. Ukatandika vipande vya vitambaa chini kuanzia mlangoni kwako, kila mahali pa mguu kipande chake, ukavigandamiza na bolti za mumeo visipeperuke. Njia ikanyooka, ikafika kwenye pua ya gari, ikazunguka. Gari mkono wa kushoto, mwili unalalia ndani, kuelekea gari, lakini usiliguse. Tena na tena. Hapakuwa na upau, hapakuwa na matela, wala kuruka. Mbio tu.

Na watu walivyosema! Yule mzee wa duka la mafuta alimuuliza Baba Shabani kama mnatoa jini kwenye gari au gari linatoa jini kwa mtoto. Wanawake wa foleni ya maji wakaniuliza, "Mama Divine, mutoto amekosa nini, mbona anazungushwa kama ng'ombe wa kukamua mafuta?" Nikawajibu, "Kaeni hapo na ndoo zenu. Siku atakapokuwa kwenye televisheni mtakuja kuniomba nafasi ya kukaa." Wewe ukanivuta kanga, "Mama Divine, mtoto hajajua ata kona, we umeshamfikisha kwenye televisheni."

Na kila alipofika kwenye pua ya gari, mwili unapoanza kulala, ulikuwa unamwambia neno lako. "Usivute!" Kama unavyowaambia wasichana unaowafundisha kushona, kwamba kitambaa hakivutwi, mashine inakipeleka yenyewe. "Usivute. Acha ikubebe." Si kwa kelele. Ulikuwa unalisema kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Naye anapita. Siku ile kona ilipokubali mara ya kwanza, alipita mbele yangu ameegemea hewa, nikasikia upepo wake kwenye kanga yangu, na nikanyamaza. Ukaniuliza, "Leo umekosa la kusema?"

Basi hayo yote yalikuwepo. Na wewe ukaondoka.

Baada ya khitma yako Divine alirudi mazoezini mwenyewe, bila mtu kumwambia. Nikasema, mtoto shujaa, amechukua kwangu. Nikaenda sokoni nikaendelea kutangaza kwamba siku ya kuchagua timu ya shule inakaribia na wapinzani wa mwanangu waanze kusali. Halafu mwalimu wa michezo akanipigia simu. Kijana mwenye adabu, unamjua, ndiye aliyesema mwachieni Mama Shabani mambo ya mbio. Akaniuliza, "Mama, Divine ana maumivu ya goti?" Nikasema hana. Akasema, "Anakimbia vizuri, anaingia kwenye kona, anasimama. Harushi mguu, hagusi upau, anasimama tu na kuangalia. Leo siku nzima alikuwa hivyo. Na wiki nzima hii."

Nikamwambia, "Mwanangu? Umekosea mtoto."

Nilikwenda kujionea kwenye gari. Vitambaa vyako bado vilikuwepo, Baba Shabani haruhusu mtu avikanyage ovyo. Divine akaanzia mlangoni kwako. Akaja vizuri, miguu ile, nikaanza kutabasamu. Akafika kwenye pua ya gari, akasimama. Si kama mtu aliyechoka. Amesimama kama mtu aliyeitwa jina. Akarudi, akaanza tena, akasimama palepale. Zena, nilishtuka kuliko siku ya mkeka. Siku ya mkeka nilikuwa sijaelewa kitu, hapa nilikuwa naona kwa macho yangu mawili.

Nikafanya niliyoyajua. Nilimpeleka kwa mchungaji akamwombea. Nilimnunulia viatu vingine. Nikamkemea. Nikamlisha mayai. Mwisho nikaenda nikasimama mahali pako mwenyewe, pale mbele ya pua ya gari, na alipokuja nikapiga kelele, "USIVUTE!" Ndege wote wa ule mti wa jirani wakaruka. Mzee wa duka la mafuta akatoka kuuliza nani ameibiwa. Divine alisimama akaweka mikono kiunoni. "Mama, unapiga kelele kama uko sokoni."

"Si ndilo neno?"

"Ndilo. Lakini si hivyo."

"Sasa hivyo ni vipi?"

Akaangalia chini. Akasema taratibu, "Mama, nikifika pale nangoja aniambie. Haniambii."

Nikauliza, "Nani?" Kama mpumbavu. Nilijua.

Akasema, "Mama Shabani. Mimi sikumwona amekufa. Nilimwacha hapa hapa. Miguu inamngoja, si mimi."

Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nageuza shingo mlangoni kwako kila asubuhi. Tulikuwa wawili tunakungoja na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini unanijua. Niliogopa, na nikiogopa najisifu. Nikaanza, "Sikiliza, wewe huna sababu ya kusimama, miguu hiyo ni yangu, mi ningekuwa na nafasi uliyonayo ningeruka ata hilo gari, ukoo wetu hakuna aliyesimama kwenye..." Akanikata. Mtoto wangu, ambaye hajawahi kunikata. Akasema, "Kama ni yako, kimbia basi."

"Nini?"

"Kimbia, mama. Anzia pale mlangoni. Kimbia nione."

Zena, foleni ya maji ilikuwepo yote. Ndoo zao na macho yao. Nikasema moyoni, nikikataa nimekwisha Buyenzi. Nikafunga kanga mara mbili, nikavua ndala, nikaenda nikasimama mlangoni kwako. Mmoja akasema, "Mama Divine, andika wosia kwanza!" Mwingine akasema, "Mwacheni, amesema atakwenda televisheni." Nikawaambia, "Tazameni na mjifunze."

Nikaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nakuapia. Nilikuwa nakanyaga vipande vyako kimoja kimoja, cha zambarau, cha gauni la harusi la yule binti wa Kinama, cha sare ya shule. Nilijisikia mwepesi. Halafu pua ya gari ikaja haraka kuliko nilivyotegemea. Mwili ukataka kwenda mbele, njia inataka kuzunguka, nikaanza kujivuta, mabega juu, mikono inashika hewa, nimekaza kila kitu. Divine alikuwa amesimama mahali pako. Sikumwangalia, nilikuwa naangalia bolti.

Nikasikia, "Usivute. Acha ikubebe."

Wewe. Sauti yako. Si inayofanana. Si kelele, si uchungu, kama kikombe kinatolewa mkononi. Nikapita nje ya njia, nikaenda nikashika mlango wa gari, nikakaa chini kwenye vumbi. Na Baba Shabani akatoka gereji mbio, spana mkononi, akasimama pale mlangoni anatafuta kwa macho. Alikuwa amesikia. Aliangalia mahali pako akamwona Divine, naye Divine ameshika mdomo wake kwa mikono miwili kama mtu aliyemwaga kitu. Hakujua kwamba neno lako analo yeye. Mwanangu alikuwa amelibeba siku zote hizo na alikuwa analingoja litoke kwako.

Hapo ndipo nilipolia. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu mkeka, na mimi nalia barabarani, nimekaa chini, kanga imejaa vumbi. Divine alikuja akakaa karibu yangu akalia na yeye. Baba Shabani aliweka spana juu ya gari akageukia ukutani. Wa foleni ya maji waliweka ndoo chini. Kisha mmoja, yuleyule wa wosia, akaniletea maji katika ndoo yake, akasema, "Lakini mama, ulianza vizuri." Nikamwambia kupitia machozi, "Nilikuambia."

Umekufa, Zena. Ndiyo siku niliyojua.

Divine alifuta uso na mgongo wa mkono, akaenda mlangoni kwako. Hakuniambia niondoke kwenye gari, nilibaki palepale chini, kwa hiyo nilimwona kutoka mahali ambapo sijawahi kumwona. Alikuja. Alipofika kwenye pua nikaona midomo yake inasogea kidogo, anajiambia. Akalala ndani, akaja juu yangu kama ataniangukia, akazunguka, akapita. Hakusimama mpaka kwenye duka la mafuta, na mzee wa watu ikabidi aingie ndani.

Siku ya kuchagua timu nilikwenda Kinindo na wanawake wawili wa soko, nimevaa vizuri. Kuna nyasi kule, Zena, na miti imekatwa kama nywele za bwana harusi, na wazazi wenye magari yao wamekaa kimya kana kwamba wako ibadani. Nikawaambia walio karibu yangu yule mrefu ni wangu. Wakasema hongera. Nikawaambia tena. Divine alitoa kipande cha kitambaa kwenye soksi akakiweka pale kona inapoanza, akakigandamiza na bolti. Mwalimu hakumuuliza kitu.

Mruko wa kwanza nilifumba macho. Wanawake wa soko wakanipiga bega, "Amepita, fumbua!" Wa pili nikatazama. Sitakuambia aliruka kiasi gani, maana utasema nazidisha, na kweli nikikutajia nitazidisha. Nakuambia hili tu: walipandisha upau, wakapandisha, wenzake wakabaki wanakaa kwenye nyasi wanavua viatu, na yeye bado anakimbia. Alipouangusha mwishowe aliuangusha kwa kisigino, mwili wote umeshapita. Alilala kwenye matela akaangalia mbingu, akacheka. Mwalimu aliandika jina lake. Mi nilitaka kupiga vigelegele na sauti haikutoka. Ilibidi wale wanawake wanipigie.

Baba Shabani tulimpelekea habari siku ileile. Alikuwa chini ya gari la mteja, miguu nje. Divine akainama akamweleza kila mruko. Akasema kulekule chini, "Mwenyewe angesema kona ya mwanzo uliifungua sana." Divine akasema, "Ni kweli, niliifungua." Wakaelewana hivyo, bila kutazamana. Watu walitaka kulinunua lile gari bovu wakalipime kwa kilo kama chuma chakavu. Amewaambia liko kazini.

Mwamini ameanza kushona kwenye cherehani yako. Anashona polepole, na mikono ya gauni langu inabana. Nimemwambia ni nzuri. Mimi! Lakini atafika, ana jicho.

Sasa nakuaga, kwa sababu siku ile sikukuaga. Nilikuwa nachagua bluu. Sikukuosha, sikukuimbia, sikusimama ulipobebwa kutoka mlangoni, na kwenu wanawake hawafuati kaburini, kwa hiyo ata ningewahi ningeishia mlangoni. Nimekubali. Mwamini amesema siku moja atanipeleka, mimi na Divine, tusimame kidogo. Amenionya, "Mama Divine, kule si mahali pa hotuba." Nimemwambia sawa.

Na ahadi yangu ni hii. Mashindano ya shule zote yanakuja, na Divine ameniambia ni wapi nitasimama. Si mahali pako. Amesema mahali pako pabaki wazi, anapaona vizuri pakiwa wazi. Mimi nitakuwa upande wa pili, nyuma ya matela, na nisiseme neno mpaka aruke. Nimemuuliza, "Ata moja?" Akasema, "Ata moja, mama." Zena, nakuahidi, na wewe peke yako ndiye unayejua ukubwa wa ahadi hii: nitafunga mdomo. Nitauma kanga ikibidi. Nitasimama pale aliponiweka, nimtazame anakuja, anaingia kwenye kona yako, na sitasema kitu. Akishapita, hapo msinishike.

Pumzika, ndugu yangu. Uzi mweusi niliuleta, nimempa Mwamini.

Kwaheri, Zena.

Mimi wako,
Mama Divine